Kijiti Shingoni mwa Sela

Ilikuwa Jumamosi ya pili ya Oktoba, mwaka 2005, saa nne na robo asubuhi, Mwalimu Nora alipomvisha mdogo wangu Sela kijiti shingoni. Nataja siku na saa makusudi. Sela leo ni mwanamke mzima, nesi. Ukimsemesha Kiswahili anaelewa kila neno, kisha anakujibu kwa Kiingereza, na watu wakimsikia hucheka, wanasema ah, watoto waliokulia Amerika ndivyo walivyo, hakuna dawa. Mimi sicheki. Watoto wa wengine sijui lugha iliwatoka lini. Ya Sela najua. Nilikuwa nimekaa karibu naye, mkate mdomoni.

Nisingeandika haya kama si sherehe ya mwezi uliopita. Mwalimu Nora amestaafu, anarudi kwao Ayalandi, na wanafunzi wake wa zamani wakakodi ukumbi kule Fairfax ili wamuage. Nilikwenda kwa sababu nilimpenda yule mama, na kwa namna fulani inayonikera bado nampenda. Ukutani walikuwa wakionyesha picha za enzi zile, moja baada ya nyingine, tukicheka nywele zetu na masweta yetu. Mara ikatokea ya Sela. Ana miaka saba, sweta ya njano, macho yanatazama sakafu, na kifuani kinaning'inia kijiti kwa uzi wa kijani. Ukumbi mzima ukasema "Aaaw!" kama wameona paka mchanga. Connor, aliyekuwa mtundu wa darasa na sasa ni wakili mwenye tumbo, akanipiga bega: "Esta! Unakumbuka kijiti? Jamani tulicheka!" Kisha akaanza kuikariri ile sentensi ndefu ya Kiayalandi ya kuomba kwenda chooni, na watu wazima arobaini wakaidaka, wakaimba pamoja naye, wakigonga meza. Tulicheka. Nani alicheka, Connor? Nilichukua koti langu nikatoka bila kumuaga niliyeenda kumuaga, na tangu usiku huo nina hasira ambayo nilidhani nimeimaliza zamani.

Darasa lilikuwa kwenye chumba cha chini ya nyumba ya Mwalimu Nora, Falls Church, karibu na fleti zetu za barabara ya Route 7. Mama alifanya kazi ghorofa ya juu ya nyumba hiyohiyo, akimtunza mama yake Nora, bikizee asiyeweza tena kujivisha wala kujilisha. Jumamosi hapakuwa na mtu wa kubaki nasi, kwa hiyo Nora akamwambia Mama, walete tu, washuke chini wasome na wengine. Wengine ni watoto wanane ambao wazazi wao walitoka Ayalandi na hawakutaka wasahau. Ndivyo wasichana wawili wa Nakuru tulivyojikuta tukisoma jiografia na historia ya dunia nzima kwa Kiayalandi na Kiingereza. Chumba kilikuwa na zulia la kahawia, dirisha dogo juu kabisa lililoonyesha magurudumu ya magari, na ramani kubwa ya dunia iliyochakaa kwenye mikunjo. Kulinukia mafuta ya hita na mkate wa magadi ambao Nora alioka mwenyewe asubuhi. Tuliula kwa siagi nyingi na chai. Mama alikuwa akisema hawa ndio Wazungu pekee wanaojua chai haikamiliki bila maziwa, ubaya wao ni kwamba hawaichemshi.

Na niseme ukweli, nilikipenda kile chumba kuliko mahali popote Amerika. Shuleni kwangu, siku za wiki, nilikuwa na miaka kumi na minne na sikuwahi kuinua mkono. Niliyotaka kusema mchana niliyaandika usiku kitandani. Lakini kwa Nora kila mtoto alikuwa mgeni wa ile lugha, hata hao wenye nywele nyekundu, na mimi niliyezoea kuhama kutoka lugha hadi lugha nikawa mbele yao. Namna yake ya kufundisha sijaiona tena popote. Ulikwenda kwenye ramani, ukagusa mahali, ukapataja kwa Kiayalandi, ukapataja kwa Kiingereza, kisha ukajibu swali moja: nani alipaita jina hili, na wenyeji walikuwa wakipaitaje kabla yake? Kwetu nilipataja An Chéinia, yaani Kenya, mara ya kwanza na mwili ukanisisimka. Nilipogusa Ziwa Viktoria, Nora akaniuliza, "Na huyo Viktoria aliwahi kuliona?" Nikasema hapana. "Basi tuambie wanaoliona wanaliitaje." Nilisimama nikaongea mbele ya watu. Mimi! Nilirudi nyumbani kama niliyekunywa kitu.

Jumamosi moja ya Septemba alitufundisha habari ya kijiti. Alisema zaidi ya miaka mia iliyopita, kwao, chini ya utawala wa Waingereza, mtoto alifungwa kijiti shingoni aende nacho shule. Kila alipotamka neno la Kiayalandi kilichongwa alama, na jioni alama zikahesabiwa, akachapwa. Alisimulia huku macho yamemlowa. Nikainua mkono. Nikasema, Mwalimu, hiyo ipo kwetu hata sasa, tunaiita diski. Nikawaeleza: kipande cha mbao kwenye kamba. Ukisikika unaongea Kiswahili au lugha ya nyumbani unavishwa, na huwezi kukivua mpaka umnase mwenzako naye akiongea, umvishe yeye. Kwa hiyo siku nzima hamchezi, mnasikilizana kama askari. Wa mwisho kukutwa nacho jioni anapigwa. Nora alinikumbatia. "Mnaona?" akawaambia wengine. "Mnaona walivyotufanya, sisi na wao?" Nilijisikia nimeleta kitu cha thamani.

Wiki mbili baadaye alikuja na kijiti. Alikuwa amekilainisha kwa msasa, amekitoboa, amekitia uzi mzuri wa kijani. Akasema ni mchezo, wa wakati wa chai tu, ili tuionje historia wenyewe, lakini safari hii tutaigeuza: atakayetamka lolote lisilo la Kiayalandi anavishwa, atakivua akimnasa mwingine, na wa mwisho ataosha vikombe. Watoto walishangilia. Mimi nilimtazama nikadhani nimesikia vibaya. Nilikuwa nimempa yale maumivu ayaelewe. Akayaelewa, akayatengenezea sheria, akayafunga utepe. Alitaka kurudisha kilichoibwa, akaona kifaa kinachofaa ni kilekile cha mwizi.

Connor ndiye aliyekuwa nacho asubuhi ile. Sela, aliyekuwa amefika kutoka Nakuru miezi michache tu kabla, akanivuta mkono, akaninong'oneza, "Dada, nataka kukojoa."

"Kaongea Kiafrika!" Connor akapaza sauti, akiwa tayari anajivua uzi. "Ni chake sasa! Ni chake!"

Alisema hayo yote kwa Kiingereza. Naomba msomaji alizingatie hilo, maana hakuna mwingine aliyelizingatia.

"Mwalimu, anataka choo tu," nikasema.

"Basi aombe, mpenzi," Nora akanijibu, akitabasamu, akimvisha Sela kijiti. "Msaidie sentensi. Ni ya kwanza tunayojifunza sote."

*An bhfuil cead agam dul go dtí an leithreas?* Ndiyo hiyo. Nimeruhusiwa kwenda chooni? Mtoto wa Kiayalandi husahau mashairi na sala, hiyo haisahau. Sela alisimama miguu imepishana, nikimpa neno moja moja, naye akilirudia kwa sauti inayozidi kudidimia, watoto wengine wakimsaidia kwa moyo mwema kabisa, wote tukimtazama mdomo. Hatukufika mwisho. Zulia la kahawia likawa jeusi chini yake. Nora alishtuka, akakimbia, akaleta taulo na suruali safi, akampangusa miguu mwenyewe, amepiga magoti, akambusu utosini na kumwambia si kitu, si kitu. Yote hayo aliyafanya kwa upole. Kijiti hakukitoa, kwa sababu muda wa chai ulikuwa haujaisha. Na Sela ndiye aliyeosha vikombe.

Ndani ya gari nilimweleza Mama. Alikuwa amechoka, mikono inanuka losheni ya bikizee.

"Kwani haukumpeleka choo kabla ya kuanza?"

"Mama, amevishwa diski!"

"Mimi nilivaa diski mpaka darasa la saba, na si niko hapa? Hiyo diski ndiyo ilinipa Kiingereza. Bila hicho Kiingereza ungekuwa wapi saa hii?"

"Nakuru."

"Ukikula nini?"

"Ugali."

"Usinijibu, Esta. Huyo mama ametufungulia nyumba yake. Ukimkasirisha, mimi nitaosha nani? Wewe?"

Kila Jumamosi iliyofuata kijiti kiliishia kwa Sela, na sababu yake nikaigundua: ili ukivue lazima umnase mwenzako akitumia lugha isiyoruhusiwa, na Sela hakujua ipi ni ipi. Kiayalandi na Kiingereza kwake vilikuwa kelele moja. Wenzake walipiga soga kwa Kiingereza mbele ya pua yake, naye kijiti kifuani, hana wa kumshika. Nilipojaribu kumnasia mimi, wakasema sheria hairuhusu kusaidiwa. Nora akakubali kwamba sheria ni sheria. Kwa hiyo Sela akatafuta njia yake mwenyewe ya kushinda. Akanyamaza. Kwanza darasani, na Nora akamsifu kwa kuwa msikivu. Kisha kwenye gari. Kisha nyumbani, mezani, bafuni, kitandani tulipolala pamoja. Ukimuuliza, anatikisa kichwa juu chini, au kulia kushoto. Akitaka kitu anakuonyesha kwa kidole. Mtoto aliyeshuka kwenye ndege akiuliza kila mtu jina lake! Shuleni kwake wakamwita Mama, wakataka apimwe kusikia. Mama akasema mwacheni, anapanga Kiingereza kichwani, kikiwa tayari kitatoka.

Jirani yetu wa juu, Mama Halima, Mtanzania wa Tanga, ndiye wa kwanza kusema lolote. Alishuka jioni moja na sahani ya vitumbua, akamsalimia Sela, na Sela akatingisha kichwa.

"Haya makubwa," akasema. "Mwanangu, shikamoo hata kwa ishara? Mama Esta, mtoto kawa bubu? Mmemfanyaje?"

Mama akacheka kidogo, akamwambia ni mchezo tu wa darasani, kama diski. Mama Halima hakuijua diski. Ikabidi aelezwe, vitumbua vikipoa. Mimi nilikuwa sebuleni nikijifanya nasoma.

"Ngoja kwanza," nikamsikia. "Mlikuwa mkivishwa ubao kwa kusema Kiswahili? Kenya? Na wazazi wenu wakakubali?"

"Ndiyo tukajua Kiingereza. Nyinyi mlisoma kwa Kiswahili chenu kitamu, mkifika kwa interview mnaanza kulia."

"Nilie mimi? Mimi kazi nimepata, na mwanangu anasema. Wako yuko wapi?"

Kikombe kikagusa meza.

"Mama Halima, kula kitumbua chako," Mama akasema.

"Nakila. Nimekipika mwenyewe. Lakini nakuambia, shoga, mtoto hafungwi mdomo kwa sababu kaomba choo."

Alipoondoka, Mama alikaa jikoni muda mrefu, taa haijawashwa. Nilidhani amesikia. Alipotoka aliniambia tu, "Waswahili wa pwani wana maneno mengi," akaenda kulala.

Kabla ya Krismasi Nora huwaalika wazazi. Kila mtoto husimama kwenye ramani na kueleza mahali pamoja na historia yake, kwa lugha zote mbili. Mimi nilipewa habari ya kijiti. Ilikuwa heshima, Nora alisema, kwa kuwa mimi ndiye nijuaye pande zote mbili za hadithi. Sela angesimama kando yangu, amekivaa, ili wageni waone. Wakati wa mazoezi Nora alimpiga picha, ndiyo hiyo waliyoipigia "Aaaw". Sentensi yangu ya mwisho, kwa Kiingereza, aliniandikia yeye: "Hivi ndivyo walivyotunyang'anya ulimi." Mdogo wangu, aliyenyamazishwa na Nora mwenyewe kwa kijiti hichohicho, angesimama pale kuonyesha jinsi Waingereza walivyomwonea Nora. Usiku ule sikuweza hata kuandika. Kalamu ilitoboa karatasi.

Mama alinijua. Asubuhi ya maonyesho, akinifunga nywele, akaniambia taratibu, "Esta, sema ulichofundishwa, ushuke. Nakuomba, sikuamuru." Hilo la kuomba ndilo lililokuwa gumu. Mama kuomba!

Chumba kilijaa makoti na manukato. Mama alikuwa amemteremsha bikizee, amemkalisha kwenye kiti cha magurudumu karibu na ngazi, amesimama nyuma yake. Zamu yangu ilipofika nilisema sehemu ya Kiayalandi yote, bila kukosea, nikamwona Nora akinong'ona maneno pamoja nami kwa fahari. Kisha nikaanza Kiingereza, nimeshika ukingo wa ramani. "Huyu ni mdogo wangu," nikasema. "Anaitwa Sela. Kijiti hiki hakuvishwa zamani. Alivishwa Oktoba, kwenye chumba hiki, kwa sababu aliniambia kwa Kiswahili kwamba anataka kukojoa. Tangu hapo haongei." Nikamgeukia. "Sela, kivue." Hakukivua. Alimtazama Nora kwanza, kuona kama ameruhusiwa. Mkimtazama mtoto akifanya hivyo mbele yenu hamuoni? Nikakivua mimi, nikakiweka mezani, penye mikate.

Wakapiga makofi.

Walipiga makofi kwa nguvu, wengine wakasimama. Mama mmoja alikuwa akifuta machozi. "Wasichana hawa wanaigiza vizuri ajabu," nilimsikia akimwambia mumewe. Nora alikuwa mwekundu mpaka masikioni, kwa hiyo yeye alijua. Yeye peke yake, katika chumba kizima cha watu waliosoma, alijua haikuwa maigizo, na angeweza kusema neno moja. Akasema, "Asante, Esta. Connor, njoo na Amerika ya Kusini." Na Connor akaja na Amerika ya Kusini. Nilipotazama kwenye ngazi, bikizee alikuwa akipiga makofi pia, polepole, kwa kuwa wengine wanapiga. Mikono ya Mama ilikuwa imeshika vishikio vya kiti.

Tulipoegesha gari nyumbani, Mama akazima injini, akageuka nyuma. "Sela," akasema. "Uliogopa?" Sela akatikisa kichwa, juu, chini. Mama akarudia swali, polepole zaidi, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba yake mwenyewe, na Sela akatikisa kichwa tena. Mama akaweka paji la uso juu ya usukani.

Kesho yake, Jumapili, niliamka kabla yao nikampigia Nora simu. Sikuwahi kumpigia mtu mzima simu maishani mwangu. Nilimwambia yote upya, tangu Oktoba, kwa kuwa sasa hapakuwa na wa kupiga makofi. Nikamwambia haukuwa mchezo, na anajua. Nikasikia birika lake likianza kulia nyuma yake. Kisha akauliza, "Mama yako atakuja Jumatatu?"

Hilo ndilo aliloniuliza.

Mama alikuwa amesimama mlangoni kwa khanga, nusu ya nywele imefumuliwa, sijui tangu lini. Akanyoosha mkono. Nikampa simu. "Nora," akasema, na kabla ya siku hiyo hakuwahi kumwita hivyo, siku zote alikuwa Miss Nora. "Nitakuja, kwa ajili ya mama yako. Wasichana wangu hawatashuka huko chini tena." Akasikiliza. "Hapana," akasema. "Pole hiyo mwambie Sela mwenyewe, siku akitaka kukusikia." Akakata, akabaki akiitazama simu, na mimi nikaelewa kwamba ramani, mkate, na kile chumba kimoja nilichoweza kuinua mkono, vyote vimekwisha. Nililia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Halafu nikaingia chumbani. Sela alikuwa ameamka, amekaa, shuka mpaka kidevuni. Nikakaa ukingoni mwa kitanda nikatafuta swali lisiloweza kujibiwa kwa kichwa wala kidole. "Unataka kuvaa gauni gani kanisani?" nikamuuliza. Yote yalikuwa kabatini, mlango umefungwa. Nikangoja. Mama akaja akasimama nyuma yangu, naye akangoja, wala hakutuharakisha, ingawa kanisa liko mbali, Maryland, na lazima upite barabara kuu ya Beltway. Midomo ya Sela ikafunguka, ikafungika. Akamtazama Mama, akanitazama mimi, akachungulia mlangoni kama kuna mtu mwingine anasikiliza.

"Blue," akasema. Kwa Kiingereza.

Mama akapiga kelele, "Asante Yesu!" akamkumbatia, akimbusu mashavu, akicheka na kulia. Mimi nikasimama, nikafungua kabati, nikamletea gauni la bluu.